Mama wa Kengele na Mistari ya Mahindi

Kengele ya kanisa letu, kule juu ya Nyamwaga, ni rimu la lori lililofungwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi. Aliyekuwa akiligonga tulimzika mwaka juzi. Tangu hapo limegongwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa mkono wake, na hakuna hata mmoja anayenitoa kitandani. Yeye alikuwa akiligonga kama mtu anayemwita jirani aliyeazima ungo wake akakaa nao. Watu wote, hata wasiosali, walimwita Mama wa Kengele. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini sikuwahi kumwita nalo alipokuwa hai, na sitaanza leo.

Niseme jambo moja mapema ili msomaji asije akasubiri bure. Mama wa Kengele alikufa bila kula meza ya Bwana. Aliitandika meza hiyo miaka mingi kuliko mchungaji yeyote aliyewahi kuletwa kwetu. Aliosha vile vikombe vidogo, akanyoosha kitambaa, akakata mkate, kisha akarudi kukaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, akawatazama wenzake wakijipanga kwenda mbele. Ukimuuliza alisema kwamba hata kwenye harusi mpishi hula mwisho. Watu walicheka, naye alicheka. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuona haya kucheka.

Sababu ilikuwa mkwe wake. Mama wa Kengele alifiwa na mume akiwa na mabinti tu, na mabinti wakaolewa mbali. Kwetu Wakurya mji usio na mtoto wa kiume unahesabiwa kama umekwisha, lakini mila imeacha njia. Mama wa namna hiyo hutoa ng'ombe, akaoa msichana, na watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanamume wa nje huwa wa mji wake. Tunaiita nyumba ntobhu. Wageni wakisikia mwanamke ameoa mwanamke hubaki midomo wazi, lakini kwetu ni habari ya ukoo na urithi tu, na yule msichana huhesabiwa mkwe, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Sisemi mila hii ni nzuri. Nimeona wasichana walioteseka humo, wakageuzwa punda wa nyumba. Nasimulia ya nyumba moja niliyoijua, kwa sababu nilikulia ng'ambo ya ua wake na moshi wa jiko lao uliingia kwetu kila asubuhi.

Msichana aliletwa kutoka Kenyamonta, upande wa Serengeti. Wazee wa kanisa wakakaa, wakamwita, wakamweleza kwamba ndoa hiyo kanisa haliitambui, na maadamu yule binti yuko nyumbani mwake kama mke, asije mezani. Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wa wazee hao, ndiye aliyenisimulia. Alisema Mama wa Kengele alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, halafu akauliza, "Na kengele je?" Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameifikiria kengele. "Basi hiyo naendelea nayo," akasema, akainuka, akaenda kukamua.

Kukamua kulimpa matatizo na wachungaji wote. Kengele yake haikufuata saa ya mtu, ilifuata ng'ombe. Ng'ombe akigoma kutoa maziwa, ibada nayo ilingoja. Mchungaji mmoja kijana, aliyekuja kwetu na saa kubwa ya mkononi, alikwenda kwake Jumapili moja kumhimiza. Akamkuta amechuchumaa chini ya ng'ombe, akamwambia kwa adabu kwamba waumini wanangoja. Mama wa Kengele alimjibu kuwa ng'ombe hajui leo ni Jumapili, na kama mchungaji anaweza kumweleza, amweleze. Kisha akampa ndoo aishike. Mchungaji aliingia ibadani siku hiyo na maziwa kwenye viatu, akahubiri vizuri kuliko siku zote, au ndivyo alivyodai Mama wa Kengele, ambaye alilala usingizi karibu mahubiri yote. Alikuwa na kipaji hicho. Aliweza kusinzia tangu somo la kwanza na kuamka kwenye amina bila kukosea hata mara moja.

Kuomba kwa sauti hadharani hakukupenda. Akilazimishwa aliomba maneno machache, akakaa. Alisema watu wengi wanamsimulia Mungu habari kana kwamba alikuwa safarini. Mzee mmoja wa kwetu, fundi wa kuomba kwa muda mrefu, aliwahi kuombea chakula cha msiba mpaka ugali ukaota ngozi. Alipofika kwenye kuwataja wajane wa mataifa yote, Mama wa Kengele alimshika shati taratibu na kumwambia kwamba wajane wa hapa wana njaa. Mzee yule alinuna wiki nzima.

Kuomba kwake yeye kulikuwa shambani. Hiki ndicho kitu ambacho watu wa kwetu wanakikumbuka hata kuliko kengele. Wakati wa kupalilia mahindi, kila mstari aliutoa kwa mtu. Alisimama mwanzo wa mstari, akataja jina mara moja, akainama na jembe. Hakusema neno lingine mpaka mwisho wa mstari, ambapo alinyoosha mgongo, akasema amina, akahamia mstari unaofuata na jina jingine. Nilipokuwa mtoto tulijificha kwenye mahindi kusikiliza majina yetu. Nilimuuliza mbona haombi kitu chochote kwa ajili ya yule mtu, anapalilia tu. Alinitazama kama anatazama kuku aliyeingia jikoni. Aliniambia Mungu anawajua watu wake na shida zao, asichokijua ni kama sisi tuko tayari kuumwa mgongo kwa ajili yao.

Nikiwa mkubwa nilijaribu kumbishia, kwamba hayo hata Mungu anayajua. Akasema basi vizuri, mahindi yatakuwa yamepaliliwa.

Habari ya mistari ilienea. Mwalimu wa shule ya msingi alimwomba mstari ili apate uhamisho wa kwenda mjini. Mama wa Kengele alimpenda mwalimu huyo, hakutaka aondoke, akamwambia sawa, lakini wako nitaupalilia polepole. Vijana waliokuwa wakichimba kule Kerende walimjia na soda na biskuti, wakitaka aombee shimo lao litoe dhahabu. Akawaambia ataomba wao watoke shimoni, dhahabu itajijua yenyewe. Hawakuridhika. Walikwenda kwa mwombeaji mwingine aliyewaahidi zaidi. Mmoja wao hakutoka. Alipopata habari, Mama wa Kengele alikwenda shambani akaupalilia tena mstari wa kijana yule, ambao ulikuwa safi, hauna hata jani moja la kung'oa, na mimi nilimwona akipitisha jembe kwenye udongo mtupu huku machozi yanamdondoka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akirudia mstari.

Usidhani alikuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa na pilipili, na kinyongo alikijua vizuri. Mbuzi wa mama yangu alipokula maharage yake walikosana, wakawa hawasalimiani ila kanisani, kwa sababu kanisani ni lazima. Msimu ulipofika, mama akamtuma mtu kuchunguza kama bado ana mstari. Jibu lilikuja kwamba anao, ule mfupi wa pembeni uliokatwa na njia ya ng'ombe. Mama alikwenda mwenyewe kulalamika. Mama wa Kengele akamwambia, "Nimekuombea. Mstari wako ni mfupi, lakini kwa magugu hakuna unaouzidi." Walicheka, wakapatana, na mwaka uliofuata mama alirudishiwa mstari mrefu. Wangu mimi ulikuwa na kichuguu katikati. Aliniambia kila akifika pale hupumzika kidogo, kisha huendelea, kwa hiyo nisishangae maisha yangu yakisimama simama. Mimi huuza nguo za mitumba sokoni Tarime, na biashara ikilala huwa najisemea kwamba Mama wa Kengele amefika kwenye kichuguu.

Mkwe wake alikuwa mtu wa maneno machache, na kanisani hakuingia. Siku za Jumapili alibaki nyumbani na jembe au na nguo za kufua, akawavalisha watoto na kuwatuma kwaya. Alipoletwa alikuwa msichana mdogo asiyeulizwa na mtu anataka nini. Mwaka wa kwanza alitoroka, akarudi kwao Kenyamonta. Ukoo ukataka kutuma vijana wakamrudishe. Mama wa Kengele aliwakataza, akafunga safari mwenyewe na jembe lake kwenye gunia. Alikaa kule muda, akimsaidia mama wa yule binti kupalilia. Alipoulizwa na wenyeji amekuja kuchukua nini, alisema hakuja kuchukua, amekuja kupalilia. Yule binti naye aliambiwa wazi kwamba akitaka kubaki kwao, abaki, na ng'ombe wabaki pia, kwa kuwa wameshayazoea maji ya Kenyamonta. Kisha akaaga, akaondoka peke yake.

Binti alimfuata baada ya mavuno. Kwa nini alirudi, sijui, na sikuwahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba kelele hazikusikika tena katika nyumba ile. Walizaliwa watoto watatu, wa kwanza mvulana. Wale wawili walikuwa wakilima pamoja, mmoja akianzia huku, mwingine kule, wanakutana katikati, wanapeana maji, wanapishana. Mkwe naye alipalilia kimya, na sisi tulidhani ukimya wake ni tabia tu.

Ndipo penye uchungu wenyewe. Watu waliosimulia habari zake msibani walisema alikuwa mtu aliyeridhika. Si kweli. Kila alipoletwa mchungaji mpya, Mama wa Kengele alivaa gauni lake la bluu, akaenda ofisini kwake, akaomba ruhusa ya kula meza. Aliomba mara moja kwa kila mchungaji, hakuwasumbua. Wote walimjibu yale yale kwa maneno tofauti. Mmoja alimwambia amrudishe binti kwao, atubu, Jumapili inayofuata aje mezani. Siku hiyo nilikutana naye njiani akirudi, gauni la bluu limeshika vumbi. Aliniambia, "Kutubu ningetubu, mwanangu. Lakini hapo nitakuwa nimetubu kwa mgongo wa mtu mwingine." Nikajaribu kumliwaza, nikasema Mungu anaona moyo, mkate ni mkate tu. Alinikatiza kwa ukali ambao sikuuzoea. Akaniambia nisimfariji kwa kumdharaulia kitu anachokitaka. Nilinyamaza, na nimejifunza kunyamaza hivyo mbele ya watu wengi tangu siku ile.

Mimi si mtu wa kusali sana. Nikisali ni kwa haraka, kama mtu anayepita dukani asiye na cha kununua. Kwa hiyo sielewi vizuri jinsi mtu anavyoweza kuosha vikombe asivyovinywea kwa miaka yote hiyo, tena kwa furaha, huku akitamani. Wakati mwingine nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia awaachie wenyewe waoshe. Akasema vikombe havina kosa.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa msimu wa palizi. Nilipata habari mjini kwamba haamki tena. Rimu lilikuwa likigongwa na wanakwaya kwa zamu, na ibada ilianza kwa saa, jambo ambalo lilitusikitisha wote. Nilibeba sukari na sabuni, nikapanda gari la asubuhi, nikashuka Nyamwaga, nikatembea.

Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka nje, ubavuni mwa nyumba, mahali panapopata jua. Alikuwa amekwisha kabisa. Mkono alionipa nisalimie ulikuwa mwepesi kama jani kavu la mgomba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia mbona nimenenepa hivyo, Tarime kumbe kuna chakula. Mkwe wake alikuwa jikoni anakoroga uji wa ulezi, mlango uko wazi, tunamwona.

Alinisimulia habari ya wiki hiyo. Mchungaji wa sasa, mtu mpole, alikuwa amefika kumtazama. Alimwambia kwamba yuko tayari kumletea meza pale pale mkekani, ila kanuni ni kanuni, kwanza mkwe ahame, angalau arudi Kenyamonta kwa siku chache, baraza lipate la kuandika. Mama wa Kengele alisema mchungaji aliyasema hayo huku anatazama chini, na alimhurumia. Mkwe alisikia. Mchungaji alipoondoka tu, akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akatoka na kusimama mbele ya mkeka. Salfeti ilikuwa imemsemea yote.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia arudishe hiyo sufuria aliyoifunga humo, nitapikiwa na nini." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Nilitaka kumwambia nenda. Nilitaka, mwanangu. Mdomo ulifunguka kabisa."

Nikamshika mkono. Shamba lilikuwa mbele yetu, mahindi yamefika magotini na magugu yanayafukuzia, isipokuwa upande mmoja uliokuwa safi. Alilitazama kwa muda, akaanza kunionyesha kwa kidole. Ule pale wa mwalimu, bado yuko kwetu, uhamisho haukuja. Ule wa marehemu mama yangu, alisema hawezi kuuacha, ameuzoea. Ule wa mchungaji, akaongeza kwamba mwaka huu aliuongeza urefu. Wangu na kichuguu chake. Akasema mistari yetu imeota magugu na inamuuma kuliko kifua, maana ni kama ametuacha njiani.

Sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza kabla ya hapo. "Na wako, mama? Mstari wako ni upi?"

"Mimi sina," alisema, kwa wepesi, kama mtu anayesema hana kaka. "Anayepakua hajipakulii."

Mkwe alikuwa ametoka jikoni na bakuli la uji. Alisimama na bakuli mkononi. Nilimjua mwanamke huyu tangu akiwa msichana, na sidhani kama nilikuwa nimemsikia akisema mambo matatu kwa mfululizo.

"Unao, mama," alisema. "Ule wa mwisho, upande wa migomba. Naupalilia mimi kila msimu, tangu niliporudi kutoka nyumbani. Nataja jina lako kama ulivyotaja langu kule kwetu."

Mama wa Kengele aligeuza kichwa akautazama upande ule safi.

"Ni mrefu?" akauliza.

"Unaanzia kwenye migomba, unaishia barabarani. Hakuna mrefu kama huo."

"Huo nilidhani unaupenda kwa sababu ya kuchungulia barabara."

"Nilikuwa nachungulia pia," mkwe akasema.

Mama wa Kengele alivuta kanga akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Nilifikiri anacheka, nami nikaanza kucheka, kumbe analia. Mkwe aliweka bakuli chini, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda kwenye migomba ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Nikavua viatu, nikatafuta jembe lingine, nikamfuata. Alisimama mwanzo wa mstari, akataja jina la Mama wa Kengele, lile la kuzaliwa, lile nisilolitumia, akainama. Hapakuwa na magugu ya maana. Tulipitisha majembe kwenye udongo, yeye upande huu wa mahindi, mimi ule, mpaka barabarani. Pale tukanyoosha migongo, tukatazamana. Yeye hakuwa mtu wa kanisani, mimi si mtu wa kusali, na kila mmoja alimngoja mwenzake. Tukageuka, tukarudi.

Mama wa Kengele alikuwa ameinuka kwa kiwiko, anatutazama tunavyokuja.

"Mmefika barabarani?"

"Tumefika," mkwe akasema.

"Mmesema amina?"

Mkwe akaanza kukung'uta udongo kwenye jembe.

"Nilijua," alisema. Akajivuta akaegemea ukuta, akapumua mara kadhaa kukusanya nguvu, akaisema mwenyewe, kwa nguvu ile ile aliyokuwa akigongea rimu, hata ng'ombe wakageuka.